Mpaka Kifo au Umbali

“Rudia hapo mwisho, Mchungaji.”

Mchungaji Hobday aliinua macho kutoka kwenye kitabu chake. Watu waliojipanga uani, nyuma ya jiko la Kanali Garrow, wakaacha hata kukohoa. Ilikuwa siku ya tatu baada ya Krismasi, mwaka 1860, mjini Hampton, Virginia, na bibi harusi hakutakiwa kusema chochote zaidi ya “nakubali”.

“Nirudie nini, Kezia?”

“Yale maneno ya mwisho.”

Mchungaji akashusha pumzi. “Utampenda na kumtunza Isham huyu, mpaka kifo au umbali utakapowatenganisha.”

“Kifo nakubali,” Kezia alisema. “Umbali sisemi. Utoe.”

Kanali Garrow, aliyekuwa amekaa barazani na mkewe, glasi mkononi, alicheka.

“Kezia, mtoto wangu, watumwa wote wa Virginia wanaozwa kwa maneno hayohayo. Usitupotezee muda.”

“Ulipomuoa Bibi, Kanali, Mchungaji alikusomea umbali?”

Mtu mmoja nyuma akaguna. Bibi Garrow akashusha kikombe chake taratibu. Kicheko cha Kanali kikaisha.

“Mchungaji, funga kitabu,” alisema. “Nguruwe ameshaiva, watu na wale. Harusi hakuna.”

Isham, bwana harusi, alikuwa amevaa koti la kuazima lililombana mabegani. Hakumtazama mtu. Aliligeukia rundo la kuni kana kwamba ndiko alikokuwa akienda tangu mwanzo.

Kezia akamfuata.

“Isham.”

“Usiniite.”

“Isham, nisikilize.”

“Umeniaibisha mbele ya watu wote! Neno moja, Kezia. Ungelimeza tu kama dawa chungu, likapita.”

“Mama yangu alilimeza.” Kezia alisimama mbele yake. “Nilikuwa na miaka sita walipomuuza baba kwenda Mississippi kwenye pamba. Wiki ya pili yake Mchungaji huyuhuyu akamwambia mama, ‘Una ruhusa ya kuolewa tena, umbali umeshawatenganisha.’ Akapewa mwanamume asiyemjua hata jina. Mama alilia, akasema ana mume. Wakamwambia, ‘Si ulikubali mwenyewe siku ya harusi?’”

“Kwa hiyo wewe usiposema hawatatuuza?”

“Watatuuza.”

“Sasa?”

“Sasa watauza watu wawili ambao hawakukubali. Nitajua mimi ni mke wa nani, na hakuna atakayeniambia niliapa vingine.”

Isham alitikisa kichwa. Alikuwa fundi kalafati, mwanamume wa maneno machache, aliyeziba mianya ya mashua kwa katani na lami tangu utotoni. Alizoea matatizo yanayoonekana kwa macho.

“Bado siku nne Mwaka Mpya ufike,” alisema. “Unajua kinachofanyika kwenye ngazi za mahakama.”

Nani asiyejua? Tarehe mosi Januari kila bwana aliwapanga watu wake pale, akawakodisha mwaka mzima kwa yeyote aliyewahitaji.

“Kama tungeoana leo,” Isham aliendelea, “ningemwambia Kanali anikodishe hapahapa Hampton, nina mke. Angenikubalia, alishaniahidi. Sasa nimwambie nini?”

Hilo Kezia hakuwa amelifikiria.

“Basi endelea na neno lako,” Isham alisema, akaondoka.

Siku ya Mwaka Mpya alikodishwa kwenye karakana ya meli ng'ambo ya maji, huko Norfolk. Alipanda pantoni bila kugeuka nyuma.

Wiki ya tatu Mama Sukey, muuza chaza aliyevuka huku na kule kila siku na domo lake, aliingia jikoni na ndoo.

“Mumeo amekutumia salamu. Au niseme yule ambaye si mumeo?”

“Sema, Mama Sukey, nina mikate motoni.”

“Kasema hivi: ‘Mwambie Kezia asinisubiri.’”

Kezia aliendelea kukanda unga. “Mwambie hivi: ‘Sikuomba ruhusa ya kukusubiri.’”

Mama Sukey alipiga mapaja yake. “Nyie watoto mtaniua! Mnapendana kama watu wanaogombea kiwanja.”

Februari yote ujumbe ulikuwa huo. “Mwambie mkono wangu umeungua na lami, lakini asijali.” “Mwambie sijali, na apake mafuta ya nguruwe.” “Mwambie nimepaka.”

Mwezi wa tatu mkwe wa Kanali, Bwana Thayer, alikuja na mkewe kutoka Massachusetts, alikokuwa na kiwanda cha nguo. Majimbo saba ya kusini yalikuwa yameshajitoa kwenye Muungano, na Virginia ilikuwa bado inabishana yenyewe kwa yenyewe. Kezia aliwapakulia supu ya chaza huku wanaume hao wawili wakianza kubishana.

“Baba, mnataka kuvunja nchi kwa ajili ya nini hasa?” Thayer aliuliza.

“Kwa ajili ya mali yetu. Nyinyi mnataka tununue mashine zenu na nguo zenu kwa ushuru mnaoupanga nyinyi, halafu mtuhubirie juu yake.”

“Ushuru tungeweza kubishania mwaka mzima na bado tukala pamoja. Shida ni utumwa, na mnajua. Mnataka muupeleke hadi kwenye ardhi mpya za magharibi. Mkulima wa kwetu mwenye ng'ombe wawili atashindanaje na mtu asiyemlipa kibarua wake?”

“Na kiwanda chako kinasokota nini? Manyoya ya bata?”

Thayer aligeuza kijiko chake kwenye supu.

“Sema, mwanangu. Kinasokota nini?”

“Pamba.”

“Iliyochumwa na nani? Shati hilo ulilovaa limetoka kwenye mikono ya nani? Tofauti yetu ni kwamba mimi nawaona usoni kila asubuhi.” Kanali alimega mkate. “Ardhi yangu imechoka kwa tumbaku, haizai tena. Unajua sisi Virginia tunaishi kwa kuwauzia nini wenzetu wa kule kwenye pamba?”

Hakumalizia. Macho yake yalikuwa yamekutana na ya Kezia, aliyeshika bakuli.

“Kezia, lete mkate mwingine.”

Mkate ulikuwepo mezani, tele. Kezia alikwenda jikoni, akasimama mbele ya tanuri. Kumbe zao lenyewe la shamba hili ni yeye. Kila mtoto ambaye angezaa na Isham alikuwa ameshawekewa bei na kusini.

Katikati ya Aprili habari ya telegrafu ikafika mjini: kusini wameipiga mizinga ngome ya serikali huko Charleston. Siku chache baadaye Virginia nayo ikajitoa. Bwana Thayer akapanda meli kurudi kwao. Mkewe akabaki kwa baba yake, kwa sababu kila mmoja alikataa kumfuata mwenzake. Ndoa ya wale hakuna aliyeitamkia umbali, na umbali ulikuja hivyohivyo. Kezia alimsikia yule binti akilia chumbani, akampelekea chai.

Sasa Kanali alikuwa na kikosi chake. Alipewa kazi ya kujenga boma la mizinga kwenye rasi iliyotazamana na Ngome ya Monroe, ambayo askari wa Muungano walikuwa bado wanaishikilia. Aliwatoa watu wake wote mashambani na kwenye karakana wakachimbe, na Kezia akapelekwa kuwapikia.

Siku ya pili, kwenye foleni ya chakula, Isham alisimama mbele ya sufuria yake. Hawakuwa wameonana tangu Mwaka Mpya.

“Maharage au uji wa mahindi?” Kezia aliuliza.

“Nipe chochote.”

“Chochote hatujapika leo.”

Wachimbaji nyuma yake wakacheka. Isham akajikaza asicheke, ikamshinda.

“Maharage basi.”

Alimjazia mpaka yakamwagika. “Mkono umepona?”

“Umepona. Yale mafuta yananuka.”

“Ndiyo maana sikuyapaka mimi.”

“We Isham, tembea!” mtu alipiga kelele. “Wengine tuna njaa, mapenzi mtayamalizia baadaye!”

Wakawa wanasalimiana hivyo, kijiko kwa kijiko, siku kumi na tatu. La harusi hakuna aliyeligusa.

Siku ya kumi na nne, Kezia alikuwa akitandika meza kwenye hema la Kanali. Barua ilikuwa wazi juu ya ramani. Kusoma alijifunza kwa kuiba, akifagia chumba ambamo binti wa Kanali alikuwa akifundishwa, na mpaka leo hakuna Mzungu aliyejua. Alipanga sahani polepole, akisoma.

“Mpenzi mke wangu,” Kanali alikuwa ameandika. “Hampton si salama tena. Jumatatu nitampeleka Isham na wanaume wengine Carolina wakajenge maboma ya huko, na sitarajii kuwarudisha. Wewe ondoka na Kezia uende Lynchburg kwa dada yako. Akisumbua, muuze hukohuko. Tangu ile siku ya harusi simwamini.”

Alimaliza kupanga sahani. Akanyoosha kitambaa. Akatoka.

Isham alikuwa ufukoni, akiziba mashua ndogo ya Kanali. Kezia akamwekea bakuli la maharage.

“Kula, nizungumze. Usiinue kichwa. Jumatatu wanakupeleka Carolina, huko ndiyo basi tena. Mimi napelekwa Lynchburg.”

Kijiko kikasimama hewani.

“Kula, nimesema.”

“Nani kakwambia?”

“Nimesoma.”

“Tangu lini unajua kusoma?”

“Tangu zamani. Utanigombeza baadaye.” Akatazama upande wa maji. Ngome ilionekana wazi, bendera yake ikipepea. “Wiki hii watu watatu wamevuka kwenda kule. Kanali alituma mtu kuwadai. Wamenyimwa.”

“Kezia, wale ni Wazungu walewale. Yule mkwe wa Kanali si alikula supu yako na bado kiwanda kinasokota? Mwezi wa tatu kuna watu walikimbilia ngome nyingine huko kusini, wakarudishwa na minyororo.”

“Mwezi wa tatu hakukuwa na vita. Sasa wana sababu yao ya kutoturudisha. Sijasema wanatupenda.”

Isham alimeza, akachota tena.

“Basi niende mimi kwanza. Nikiona pazuri, nitarudi kukuchukua.”

“Hapana.”

“Ni hatari, we mwanamke!”

“Uende, halafu mimi niwe Lynchburg, utanichukulia wapi? Hiyo ndiyo iliyonifanya nikatae harusi. Tunakwenda wote au tunabaki wote. Hii mashua inaelea?”

Isham aliutazama ufa aliokuwa akiuziba. “Mpaka kesho mchana itaelea.”

“Kesho mchana basi. Wakati wakubwa wanakula.”

Kesho yake jua likiwa utosini, Kezia aliteremka ufukoni amebeba sufuria ya maharage kichwani. Isham alikuwa ameshaisukuma mashua majini. Askari kijana wa kikosi cha Kanali, bunduki begani, akawazuia.

“Mnakwenda wapi?”

“Kuwapelekea chakula wachimbaji wa kule mwisho wa rasi, bwana. Njia ya nchi kavu ina matope, jana nilimwaga nusu.”

“Kanali anajua?”

“Kanali ndiye anayependa wachimbe wakiwa wameshiba.”

Askari alinusa sufuria. “Umeweka nyama?”

“Ya nguruwe. Lete bati lako.”

Akampakulia, akamwongezea, akampa na kipande cha mkate wa mahindi. Kijana akakaa juu ya gogo. Isham akaanza kupiga kasia, taratibu, kufuata ufuko. Walipofika mwisho wa rasi hakukata kona. Akaigeuza mashua kuelekea ngome.

“Nyie!” askari alipiga kelele, mdomo umejaa. “Nyie, rudini!”

“Usigeuke,” Kezia alisema.

“Sigeuki. Kezia, nilikuwa na hasira na wewe miezi mitano.”

“Piga kasia.”

“Nilidhani hunipendi. Nilidhani lile neno ni kisingizio tu.”

Risasi ikapiga maji nyuma yao, ikarusha povu.

“Isham, nakupenda, piga kasia!”

“Kwa hiyo lile neno...”

“Piga kasia!”

Risasi ya pili ikaanguka nyuma zaidi. Ya tatu hata hawakuiona ilipoangukia. Mkondo ulikuwa mkali na viganja vya Isham vikachubuka. Kezia akashika kasia la pili, wakavuta pamoja, mpaka askari wa koti la bluu akawarushia kamba kutoka gatini.

Walilala kwenye banda la mikokoteni pamoja na wengine waliokuja kabla yao. Siku ya tatu Kapteni mmoja mwenye ndevu nyekundu akawaita nje ya lango. Alisimama pale na karani wake, na mbele yao alikuwa Meja wa kusini juu ya farasi, bendera nyeupe mkononi.

“Kanali Garrow anadai watu wake wawili na mashua moja,” Meja alisema.

“Mashua chukua,” Kapteni alijibu. “Huyu mwanamume alikuwa akijenga boma la kutupiga. Kwetu hiyo ni mali ya adui iliyotumika vitani, haturudishi.”

“Na sheria ya nchi inayosema mtumwa aliyetoroka arudishwe?”

“Nchi ipi, Meja? Si mmepiga kura kujitoa kwenye hiyo nchi?”

Meja akamnyooshea Kezia kidole. “Na mwanamke? Huyo hakujenga kitu. Ni mpishi wa nyumbani.”

Kapteni akakuna ndevu. Akamtazama Kezia, akamtazama Isham. “Ni mkeo?”

“Bado,” Isham alisema.

“Basi hapo ni kazi. Amri niliyonayo inasema waliotumika vitani. Mpishi sijui nimweke wapi.”

“Akirudi yeye, narudi naye,” Isham alisema, akapiga hatua mbele.

“Nyamaza, Isham. Hakuna anayerudi.” Kezia alijifuta mikono kwenye aproni. Sauti yake haikupanda. “Kapteni, askari wako wanapigana bila kula?”

“Hawawezi.”

“Wanaume sitini walichimba boma lile siku kumi na tatu. Kila koleo la mchanga lililopanda pale, nililipandisha mimi kwa maharage yangu. Mimi ndiye niliyewaamsha, mimi ndiye niliyewashibisha. Ukinirudisha leo, kesho wanachimba tena wakiwa wameshiba. Ukinibakiza, watachimba na njaa. Chagua mwenyewe.”

Karani akaficha mdomo kwa mkono. Kapteni hakucheka, lakini ndevu zilitikisika.

“Meja, umemsikia. Boma lile limejengwa na huyu.” Akamgeukia karani. “Andika: mwanamke mmoja, mali ya adui, imetumika vitani.”

Meja aligeuza farasi bila kuaga.

Isham alingoja mpaka wamebaki wawili.

“Neno moja lilikushinda mbele ya Kanali. Leo umeitwa mali na umeitikia?”

“Lile neno lilikuwa la kututenga. Hili limetuacha tumesimama hapa pamoja.” Kezia akakaa chini kwenye nyasi. “Leo waniandike wanavyotaka. Nikishapata pa kukanyaga, kitabu chao nitakifuta mwenyewe.”

Isham akakaa karibu yake. Viganja vyake vilikuwa bado vimefungwa vitambaa.

“Kezia.”

“Eh?”

“Unanioa?”

“Mwanamume ndiye anayeoa.”

“Nimeuliza hivyo kwa sababu nimeona nani anapiga kasia.”

Akacheka mpaka akashika ubavu. “Nakuoa,” alisema.

Kufikia Jumapili ya pili ya Juni, watu waliovuka walikuwa wamejaa kila banda: wanawake wenye watoto migongoni, wazee, na Mama Sukey na ndoo yake, anayedai amekuja kuuza chaza tu na atarudi, ingawa alikuja na godoro. Kezia alikuwa akipikia wagonjwa wa kikosi. Isham alikuwa akiziba mashua za jeshi.

Mchungaji wa kikosi, mtu mwembamba kutoka Vermont, aliwasimamisha gatini na kuwauliza faraghani kama kuna maneno ya kwao wanayotaka asome.

“Soma yale uliyosomewa wewe na mkeo,” Kezia alimwambia. “Usipunguze, usiongeze.”

Akasoma. Alipofika katikati, mizinga ikaanza ng'ambo ya maji, upande wa rasi. Moja, kimya kidogo, kisha mbili kwa mpigo. Watoto wakajificha kwenye sketi za mama zao. Askari wawili waliokuwa wanatazama harusi wakakimbilia ukutani. Hii haikuwa tena hotuba ya mezani ya Kanali na mkwe wake. Nchi ilikuwa imeanza kupigana yenyewe kwa yenyewe, na kila aliyekuwa gatini alijua kwamba yeye ndiye anayegombewa.

Mchungaji akafunga kitabu, kidole kikiwa ndani.

“Labda tungoje, watoto wangu. Tufanye siku nyingine.”

“Endelea, Mchungaji,” Kezia alisema. “Haya mambo hayataisha leo.”

“Huogopi?”

“Naogopa. Endelea.”

Mchungaji akafungua kitabu, akapaza sauti juu ya mizinga. “Isham, unamkubali Kezia awe mke wako halali, umpende, umtunze, katika shida na raha, katika...”

“Nakubali!” Isham alisema.

“Mwanaume huyo hana subira!” Mama Sukey alipaza sauti kutoka nyuma, na gati zima likacheka, mizinga au pasipo mizinga.

“Ngoja nimalize, kijana,” Mchungaji alisema. “Bado nusu nzima.”

Isham alimshika Kezia mkono, kwa kiganja chenye makovu mapya.

“Malizia tu, Mchungaji. Mimi nitakuwa naendelea kukubali.”